Mapishi ya nyumbani Lamu: tuyaandike pamoja na dalili zake, si vipimo peke yake

KifumbuNaMbuzi (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi.

Nauanzisha uzi huu kwa ajili ya mapishi ya nyumbani, yale yanayopikwa kwa ajili ya watoto na wageni wa ndani: mkate wa kumimina, mahamri, kaimati, vileja, mkate wa mayai, vibibi, mbaazi za nazi. Kila mwenye pishi la kwao alilete, na alilete vile linavyopikwa kwao hasa, hata kama nyumba ya pili hawafanyi hivyo.

Ombi langu ni moja. Ukimuuliza mama mtu mzima wa mtaa wa Mkomani hamira atie kiasi gani, atakujibu "kadiri". Ukimbana atakukunjulia kiganja. Vijana wengi huondoka hapo wakidhani wamenyimwa, na hawakunyimwa. Kiasi chenyewe hakitulii. Nazi ya leo ina mafuta, ya kesho maji matupu. Unga unaovushwa kwa mashua kutoka Mokowe na kupanda kwa punda mpaka dukani ukikaa kwenye hewa yetu hii ya bahari hunyonya unyevu, kwa hivyo gunia lililokaa halitaki maji mengi kama lililofunguliwa sasa hivi. Januari kaskazi ikivuma unga unaumuka upesi. Julai kusi ikipiga unausubiri. Bibi anayajua yote hayo, ndiyo sababu hakupi namba ya kushika. Anachokuonyesha, ukimtazama vizuri, ni dalili.

Kwa hivyo tuandike vikombe na vijiko, maana aliye mbali lazima aanzie mahali. Lakini kila pishi lije na dalili zake: unga ukiwa tayari unafanyaje mkononi, tui linafaa likiwa zito vipi, mafuta yakipata moto utajuaje. Mji wetu wa Kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango na nyumba zake zimepigwa picha na kuandikwa kila pembe. Jikoni bado ni mdomo kwa mdomo, na akifa mama mmoja mtaa mzima hupoteza mkono wake.

Naanza na mkate wa kumimina wa kwetu.

Mchele vikombe viwili, uloweke usiku kucha. Asubuhi uoshe, uchuje maji yote. Usage na tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, na iliki punje sita au saba zilizotwangwa. Tui liwe vuguvugu, kidole kisihisi moto wala baridi, kwa sababu tui la moto huua hamira na la baridi huilaza. Saga mpaka ukichukua tone ukalisugua kati ya vidole viwili usisikie chenga hata moja. Hapa msiwe na haraka. Mchele hauna ule mnato wa ngano wa kushika hewa, kinachoibeba hewa ni ulaini wa wanga wenyewe. Ukibaki na chenga, mkate unakaa chini kama sahani.

Funika, acha uumuke. Dalili: juu kumejaa mapovu madogo madogo na mchanganyiko umepanda, lakini katikati haujaanza kubonyea. Ukibonyea umepitiliza, na utausikia uchachu. Sasa ndipo unatia sukari, robo tatu ya kikombe, na ute wa yai moja uliopigwa kidogo. Sisi sukari tunaitia mwisho kwa kuwa inalegeza rojo. Ukiitia mwanzo utadhani tui limezidi, uanze kuongeza mchele usiohitajika.

Sufuria iwe nzito na sawa chini. Ipake samli mpaka ubavuni, iweke motoni ipate moto, kisha mimina. Lazima usikie "shhh" ndogo pembeni. Kusipolia, mkate utagandana na sufuria. Moto wa chini uwe mdogo, usifunike kwanza. Subiri vitundu vianze kutokea juu na ukingo ukauke. Hapo funika kwa mfuniko wa bati, weka makaa juu, na chini upunguze ubakishe makaa mawili matatu. Umeiva ukijiachia pembeni wenyewe, na ukiubonyeza katikati kwa kidole unarudi.

Tafadhali endeleeni.

UpepoWaShela

Wa aleikum salaam. Uzi mzuri sana huu. Mkate wa kumimina wa kwetu ni huo huo ila hatutii yai kabisa, mama anasema yai linauchukulia harufu ya nazi. Tunauacha uumuke mara moja tu na kuumimina palepale, bila kuukoroga tena.

Mimi naleta kaimati, maana Ramadhani bila kaimati kwetu futari haijakamilika.

Unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko cha chai, maziwa ya mgando au mtindi vijiko viwili vikubwa, chumvi kidogo sana, maji vuguvugu kikombe kimoja na kitu. Hilo "na kitu" ndilo lenye kazi. Rojo lisiwe la kumiminika wala lisiwe donge: ukilinyanyua kwa mkono linavutika, halafu linakatika kwa uzito wake. Lipige kwa mkono ndani ya bakuli, kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, mpaka usikie linapiga sauti ya hewa. Hewa hiyo ndiyo inayofanya kaimati iwe tupu ndani na ngumu nje.

Ukichoma, bana rojo kwenye ngumi, lichomoze juu kati ya kidole gumba na cha shahada, ulikate kwa kijiko kilicholowa maji. Mafuta yawe ya wastani. Yakiwa makali kaimati inakuwa nyekundu nje na mbichi ndani. Geuza bila kuacha. Ikiwa nzima pande zote na nyepesi kwenye kijiko, imeiva.

Shira: sukari kikombe, maji nusu kikombe, iliki. Chemsha mpaka tone ukilibana kati ya vidole na kuvifungua litoe uzi. Wanaopenda shira ing'ae na ibaki laini hutia matone ya ndimu, kwa sababu ndimu huizuia sukari isirudi kuwa chembe. Sisi tunapenda kaimati ivae ganda jeupe la sukari, basi ndimu hatutii, na tunazirushia ndani ya shira tukizigeuza mpaka ikauke juu yake.

MwanaMalindi

Nimefurahi kuukuta uzi huu. Huku Malindi nyumba nyingi asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na mimi ndiye ninayeamka kukanda. Naleta ya kwetu, halafu nina swali.

Unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kikubwa kimoja, iliki kijiko cha chai kilichojaa, tui zito kikombe kimoja, labda na zaidi kidogo. Iliki tunaitwanga pamoja na kijiko cha sukari. Chembe za sukari zinaivunja vizuri na harufu haipotelei kwenye kinu. Unakanda mpaka mkono uchoke, unaacha usiku, asubuhi unakata madonge, unasukuma, unakata pembe nne, unachoma.

Swali: yapo yanayovimba na kuwa matupu ndani, na yapo kwenye karai hilohilo yanayobaki bapa. Unga mmoja, mafuta yaleyale. Sababu ni nini? Na pili, tui la pakiti mnalionaje? Wifi yangu ameacha kukuna nazi kabisa.

KifumbuNaMbuzi

Ahsante MwanaMalindi. Maswali yako yote mawili ni makubwa, nitayajibu kwa urefu.

Hamri linavimba kwa mvuke. Unga una maji ndani. Ukiingia kwenye mafuta moto, ngozi ya nje inashikana haraka na maji ya ndani yanageuka mvuke unaotafuta pa kutokea. Ukikosa pa kutokea, unausukuma unga juu na chini na katikati panabaki wazi. Kwa hivyo la bapa lina moja kati ya haya matatu. Ama lilisukumwa upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, mvuke ukakimbilia kwenye wembamba. Ama lina tundu au mkunjo, mara nyingi pale kisu kilipovuta badala ya kukata. Ama liliingia mafuta yakiwa yamepoa kwa sababu mengine yalitangulia mengi mno kwa pamoja. Unene uwe kama nusu sentimita, sawasawa mpaka ukingoni, kisu kikali na ukate kwa kubonyeza. Na ukishayaweka tayari, yape nafasi kidogo yapumzike kwenye kitambaa chenye unga kabla ya kuchoma.

Mafuta yakoje? Tupa kipande kidogo cha unga. Kikizama kikakaa, bado. Kikiwa chekundu mara moja, yamezidi. Kikizama kisha kikapanda na mapovu yakikizunguka, ndiyo hayo. Tia hamri upande wa juu ukiwa chini, na papo hapo lirushie mafuta ya moto kwa upawa upande unaokutazama. Utaliona linaanza kwenye pembe moja, hewa inatambaa chini ya ngozi mpaka pembe ya pili, na limefura. Hapo ndipo unaligeuza. Ukigeuza kabla, limekwisha.

Kuhusu kukanda, unga wa tui hukandwa zaidi ya unga wa maji, kwa sababu mafuta ya nazi yanauvika unga na kuuchelewesha kushikana. Dalili: kata donge kwa kisu utazame ndani. Ukiona vitundu vidogo vilivyolingana, tosha. Ukiona mafungu mafungu, endelea. Na ukilibonyeza kwa kidole, alama irudi polepole.

Sasa tui. Mimi silikatai la pakiti kwa mchuzi wa haraka, lakini kwa mahamri na mkate wa kumimina nitakuna nazi maadamu ninazipata. Nazi iwe kavu, ukiitikisa maji yacheze ndani. Kaa juu ya mbuzi, kuna kwa kuzungusha, uchukue nyama nyeupe tu na uache kabla ya kufikia ile ngozi ya kahawia, maana ikiingia tui linapata rangi na ladha ya ukali. Machicha yatie maji ya moto kiasi cha kuyafunika tu, yavuruge kwa mkono, yakamue kwenye kifumbu, ule mfuko wa kusukwa wa kuchujia tui. Hilo la kwanza ndilo tui zito. Likipoa utaliona mafuta yanatengana juu na kukaa kama malai. Hilo ndilo la mahamri. La pili na la tatu ni tui jepesi, la kuchemshia mbaazi na wali.

La pakiti mengi hutiwa vitu vya kulifanya lionekane zito. Kwa hiyo uzito wake usikudanganye, lilegeze kwa maji vuguvugu, robo kikombe kwa kila kikombe, ndipo ulipime mkononi. Mwambie wifi yako asiache mbuzi ikapata kutu, watoto wajue inakaliwaje.

MkateMbali

Salaam kutoka Birmingham. Mimi ni mzaliwa wa Langoni na huku hakuna makaa wala kifumbu, ila nazi zilizokunwa na kugandishwa zinapatikana kwenye maduka ya Waasia, na ukizilowesha kwa maji ya moto zinatoa tui zuri kuliko la kopo.

Naomba niseme kitu kwa wenzangu wa nje. Makaa juu na makaa chini ni oveni ileile, moto wa juu na wa chini. Mkate wa mayai wa mama yangu naupika nyuzi 170 na unatoka vile vile. Mayai sita, sukari kikombe kimoja, unga kikombe kimoja uliochekechwa, iliki, zabibu za kutupia juu. Hakuna hamira, hakuna baking powder, hakuna siagi. Kinachouinua ni hewa iliyopigwa kwenye mayai tu.

Mama alikuwa akipiga kwa mchapo wa waya, bakuli limewekwa kwenye mkeka, na sisi watoto tunapokezana. Mashine inafanya kazi hiyo kwa muda wa dakika kumi hivi, lakini dalili yake ni moja: nyanyua mchapo, rojo linaloanguka liandike mstari juu ya lililo chini na mstari huo ukae, usizame. Sukari isisikike ukisugua kati ya vidole. Unga uingize kwa mwiko, kidogo kidogo, kwa kukunja, usikoroge. Zabibu zipakwe unga kwanza na zitupiwe baada ya juu kuanza kushika, la sivyo zinazama chini zote.

Na msifungue oveni mapema. Mkate huu ukipigwa na hewa baridi kabla haujashika katikati, unaanguka na haunyanyuki tena.

UpepoWaShela

MkateMbali, hapo kwenye zabibu umesema kweli. Kwetu tunazipanga kwa mkono moja moja juu baada ya mkate kuanza kuvaa ngozi, kisha tunarudisha mfuniko wa makaa.

Kuna mtu ana mkate wa mofa? Nauliza wa Pate, Siyu na Faza hasa. Nataka wa mtama, na mwenye kuujua aeleze unga unasagwaje na unakandwa kwa kitu gani.

BiMkubwaWaLangoni

Wanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema. Nimesomewa yote na nimefurahi, Mungu awabariki.

KifumbuNaMbuzi, mkate wako wa kumimina ni sahihi ila umesahau chumvi. Mkono wa vidole vitatu, si zaidi. Kitamu kisicho na chumvi kinachosha ulimi. Na mtele usiwe mpya sana, wa zamani kidogo unanywa tui vizuri.

Mwanangu wa Malindi, mahamri usiyaache usiku kucha wakati wa kaskazi. Joto lile litayachachua. Kanda baada ya sala ya alfajiri na yatawahi chai. Wakati wa kusi ndiyo ulaze.

Mbaazi naona wote mmezitaja na hakuna aliyeziandika. Mbaazi kavu zilowekwe usiku. Zichemshe kwa maji bila chumvi mpaka ukiibana moja kati ya vidole inapondeka yote, ganda na moyo. Zikiiva na maji yamekaribia kukauka, tia tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, manjano kidogo, pilipili mbichi nzima usiipasue. Likipungua, sasa tui zito na chumvi. Kuanzia hapo mwiko usitoke mkononi, na moto upunguze, likichemka kwa nguvu tui linakatika na mafuta yanajitenga. Likianza kupumua polepole na mchuzi unashika nyuma ya mwiko, epua. Pilipili itolewe nzima.

Na vileja, maana Idi inakuja na kila nyumba inavitaka. Unga wa mchele nusu kilo, sukari iliyosagwa laini robo kilo, samli robo kilo, viini vya mayai viwili, iliki, maji ya waridi kijiko kimoja. Samli isiwe ya moto. Iwe imeganda laini, uipige na sukari mpaka iwe nyeupe. Tia viini, kisha unga kidogo kidogo. Usikande kama mahamri, kusanya tu. Bana donge kiganjani: likishikana na kingo zikafanya nyufa ndogo, limefaa. Likimomonyoka lote, samli kidogo. Likipaka mkono mafuta, unga kidogo.

Moto wa vileja ni mdogo kuliko wa mkate wowote. Visigeuke rangi juu, chini tu viwe na wekundu wa mbali. Na vikitoka, mtu asiviguse. Vikiwa vya moto vinavunjika hata kwa pumzi, viacheni vipoe kwenye sinia ileile.

MwanaMalindi

Shikamoo Bi Mkubwa. Ahsante sana kwa neno la kaskazi, nitakanda alfajiri. Mbaazi zako nazipika leo hii. Ninauliza: ikiwa samli ya ng'ombe hakuna, ile ya mboga inafaa kwa vileja?

BiMkubwaWaLangoni

Marahaba mwanangu. Vitashikana, lakini harufu hutaipata, na kileja ni harufu. Tafuta samli hata kama ni kidogo, uchanganye nusu kwa nusu.

KifumbuNaMbuzi

Shikamoo Bi Mkubwa. Chumvi nimeipokea, na neno la mchele wa zamani pia. Vibibi bado havijaandikwa, wala visheti. Tena namuunga mkono UpepoWaShela: mkate wa mofa tunauhitaji humu, na wanaoujua vizuri sasa ni wazee. Mwenye bibi Siyu au Faza akae naye jikoni, amwache apime kwa kiganja chake, na kila kiganja kabla hakijaingia bakulini akimimine kwanza kwenye kikombe aone kimefika wapi. Kisha aandike alichokiona mkononi mwake.

MkateMbali

Bi Mkubwa shikamoo. Vileja nikivitengeneza mapema kabla ya Idi, vikae kwenye nini visiharibike?

BiMkubwaWaLangoni

Marahaba. Vipoe kabisa kwanza, hata ikibidi vilale usiku kwenye sinia vikiwa vimefunikwa kitambaa, kwa sababu ukivifungia na joto vitatoa jasho. Kisha kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, karatasi kavu chini na kati ya kila safu. Kopo lisikae dirishani. Huku kwetu hewa ya bahari inalegeza kila kitu, kwa hivyo ninafungua mara moja kwa siku, ninatoa vya wageni, ninafunga. Huko kwenu mbali na bahari, huenda vikakaa zaidi.